Supape Niliyoiziba kwa Mama Véronique

Mmeniomba maneno ya kutia moyo. Mwalimu wenu alikuja hapa kwangu Kikula, akakaa kwenye kiti changu kizuri, akasema, "Papa Ilunga, batoto banamaliza masomo ya plomberi. Baandikie kidogo, weye muzee wa kazi." Nikamwambia moyo wa kugawa sina. Nina miaka thelathini na mitano ya mabomba, maboila na vyoo vya watu, na nina dharau ya kutosha kila mmoja wenu apate fungu lake. Akacheka. Alidhani natania.

Kazi yenu nimeiona. Mwezi uliopita mpwa wangu alinialika kutazama nyumba yake mpya. Vigae vinang'aa, robine za kufungulia maji za rangi ya dhahabu, na juu ya mlango wa bafu boila la maji ya moto la lita mia limetundikwa kwenye ukuta wa matofali yenye matundu, kwa skrubu nne na vibanzi vya mti. Lita mia za maji ni kilo mia, enyi wasomi, na chuma chenyewe hamjakipima bado. Ni sawa na kumning'iniza mtu mnene pamoja na mkewe kwenye msumari wa picha. Nikauliza ni nani aliyelifunga. Kijana mwenye shati safi akajitokeza, amejaa tabasamu.

"Ni minye, Papa. Niliangalia video."

"Na ile video ilikuonyesha namna ya kuchimba kaburi?"

Akatazama simu yake, kana kwamba jibu lilikuwa humo. Ukuta wa matundu, kijana, unautoboa hadi upande wa pili, unapitisha bolti ndefu, unaweka bamba la chuma nyuma yake. Hilo halihitaji video. Linahitaji mtu anayejua kwamba maji yana uzito.

Chumbani, klima, mashine ya kupoza hewa, ilikuwa inamwaga maji kitandani, kwa sababu mpira wake wa kutolea maji ulipanda kwanza ndipo ukashuka. Maji hayapandi mlima kwa sababu ninyi mmeyaamuru. Na kila kiungo cha bomba mlikuwa mmekizungushia utepe wa tefloni hadi kikafanana na kidole cha mgonjwa. Mkiona tefloni nene namna hiyo, jueni fundi alikuwa na wasiwasi na kazi yake mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba sisi tulizaliwa tukijua. Aliyenifundisha mimi aliitwa Papa Séraphin. Mtu mfupi, mikono mipana, na hakuwahi kumsifu mtu yeyote aliye hai. Alikuwa fundi bomba wa nyumba za wafanyakazi huko Panda, zile nyumba pachapacha ambazo familia mbili zinagawana ukuta mmoja. Mtihani wake ulikuwa mmoja tu: kila bomba nililofunga, maji yake ya kwanza niyanywe mimi. Glasi nzima, mbele ya mwenye nyumba. Enzi hizo tulifunga viungo kwa katani na mafuta mazito ya kupaka. Siku moja nilipaka mafuta kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa sherehe, na sikusafisha ndani. Nikanywa glasi yangu. Siku mbili sikutoka chooni, na choo chenyewe nilikuwa nimekifunga mimi, kikawa hakivuti vizuri. Papa Séraphin alikuja kunitazama, akasimama nje ya mlango, akasema, "Sasa unajua kazi yako iko na ladha gani."

Tangu hapo nilipaka kidogo, nikazungusha katani kwa kufuata upande wa uzi uliochongwa bombani, si kinyume, nikasukuma maji mengi bombani kabla ya mtu yeyote kunywa. Tusi moja la mzee yule lilinifundisha kuliko karatasi zenu zote za cheti.

Kuhusu maboila alinifundisha jambo moja kuliko yote. Chini ya kila boila, pale maji baridi yanapoingia, kuna kifaa kidogo cha shaba tunachokiita supape. Maji yakipata moto yanavimba. Yakivimba yanatafuta mahali pa kwenda, na supape inayaachia tone baada ya tone. Wateja wanayachukia matone hayo. Watanunua robine ya dhahabu, lakini ukiwaambia supape imechoka inunuliwe nyingine, wanakutazama kama umewatukana mama yao. Papa Séraphin alikuwa akigonga supape kwa kucha na kuniambia:

"Boila inadondosha, iko napumua. Ukiziba muntu pua, atakufa weye unamuangalia. Ukiziba boila, utakufa weye, yeye atakuangalia."

Nililisikia neno hilo labda mara mia. Nililirudia kwa mafundi wengine kana kwamba nimelibuni mimi. Sasa nitawaeleza nilichokifanya nalo.

Ilikuwa miaka michache kabla sijaacha kazi. Nilikuwa tayari mzee wa kazi, ninaitwa kule ambako wengine wameshindwa, na shingo yangu imenenepa kwa sifa. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu ile inayofanya hata watu wasiopenda kuoga wapende maji ya moto, Mama Véronique aliniita. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Panda na mjukuu wake Gloire, msichana wa miaka kumi na miwili. Upande wa pili wa ukuta wao aliishi mjane mmoja, Mama Kapinga, aliyeuza sokoni samaki wakavu kutoka ziwa Tshangalele. Boila la Mama Véronique lilitundikwa kwenye ukuta huo huo wa kugawana.

"Papa Ilunga," akasema, "angalia hii fasi. Maji inadondosha, simiti inaoza, juzi nilianguka. Mafundi babili balikuya, balishindwa."

Nikatazama. Supape ilikuwa imekwisha, chokaa imejaa ndani, inadondosha saa zote, hata boila likiwa baridi. Dawa yake ilikuwa rahisi: supape mpya, na chini yake bomba dogo la kupeleka matone nje. Lakini supape mpya ilikuwa madukani katikati ya mji, na mimi sikutaka kurudi mjini. Sikuwa na mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa nataka kwenda kutazama mpira. Andikeni hilo kwenye madaftari yenu kwa wino mweusi: mpira.

Mfukoni nilikuwa na bushoni, kizibo kidogo cha shaba cha kufunga mdomo wa bomba. Nikakifunga kwenye mdomo wa supape, nikakaza kwa spana, nikafuta sakafu kwa kitambaa. Nikajiambia nitarudi Jumatatu na supape mpya. Mama Véronique alisimama dakika nzima anatazama sakafu, haoni tone.

"Weye njo fundi," akasema. "Bale bengine ni bacheza tu."

Nami nikapokea sifa hiyo. Nikainama kidogo hata, kama padri. Jumatatu nikaitwa kwa mtu mwingine, Jumanne kwa mwingine, na bushoni ikabaki pale ilipo.

Baada ya wiki mbili umeme ulikatika mtaani kwao kwa siku tatu. Uliporudi Jumapili asubuhi, ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka mara tatu kabla ya kutulia. Ndani ya kila boila mna kifaa kinachokata umeme maji yakishapata joto la kutosha. Katika boila la Mama Véronique kifaa hicho kiliungua na kushikana, umeme ukawa hauna wa kuukata. Maji yakachemka, yakapita kuchemka. Yangetoka kwenye supape. Supape ilikuwa imezibwa na bwana fundi.

Mama Véronique alikuwa kanisani kwao, kanisa la uamsho lililo barabara mbili mbele. Mama Kapinga alikuwa sokoni. Gloire alikuwa na homa, amelala sebuleni chini ya mablanketi mawili.

Majirani walinipigia simu nikiwa natoka misa. Nilifika kwa baiskeli na kukuta watu wamejaa hadi barabarani, wengi wakiwa na nguo za kanisa. Mabati ya paa yalikuwa yamefunuka kama kurasa za kitabu. Ukuta wa kugawana ulikuwa na shimo ambalo ng'ombe angepita, na kupitia shimo hilo niliona jiko la Mama Kapinga, masufuria yake chini ya vifusi. Boila lenyewe lilikuwa limepaa, limetoboa paa na kutua kwenye tuta la mboga, hatua ishirini kutoka nyumbani. Gloire alikuwa amekaa juu ya mkeka uani, mweupe wa chokaa tangu nywele hadi vidole, bibi yake amemkumbatia. Alikuwa hai. Watu walimsemesha naye akawa anawatazama midomo. Sikio lake la kushoto halikusikia siku ile, na hadi leo halisikii.

Nikaenda kwenye tuta la mboga. Hakuna aliyenizuia, kwani mimi si fundi? Boila lilikuwa limepasuka kwenye mshono wake wa chini, upande mmoja. Chini yake, bado imekazwa vizuri sana, ilikuwepo bushoni yangu, na alama za meno ya spana yangu zinaonekana. Nilitoa spana, nikaifungua, nikaitia mfukoni. Ilikuwa ya moto bado, ikanichoma paja kupitia suruali. Kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyejua kile nilichokiondoa ni kitu gani.

Nyuma yangu shemasi mmoja wa kanisa lao alikuwa ameshaanza.

"Chuma hairukake yenyewe!" alipaza sauti. "Bandugu, mulishaona chuma inaruka? Inaruka kama imetumwa!"

"Na ukuta njo ulipasuka ku upande wa nani?" akauliza mwanamke mmoja.

"Na yeye haiko. Kila siku ya Mungu eko hapa, leo haiko. Alijua!"

Tazameni hesabu yao. Ukuta wa Mama Kapinga umeanguka ndani ya jiko lake, lakini hakuwepo, basi ni mchawi. Kama angekuwepo angekufa, basi hapo angekuwa mtu mwema. Ninawadharau watu wale hadi leo. Lakini ngojeni, nifike kwangu.

Mama Kapinga akatokea kwenye kona, beseni la samaki kichwani, anatembea kwa mwendo wake wa kawaida. Aliona mabati kwanza. Akaweka mkono kinywani. Kisha akaona watu wanamgeukia wote kwa pamoja.

"Kumefanyika nini mu nyumba yangu?" akauliza.

"Utuambie weye, mulozi!"

Wakamzunguka. Mtu mmoja akapiga beseni, samaki wakatawanyika mavumbini. Kijana mmoja alikuwa tayari ameokota kipande cha tofali, tofali la ukuta wake mwenyewe. Mama Kapinga alikuwa anasema, "Minye? Minye nilitoka ku soko," anarudia maneno hayo hayo, anatazama uso mmoja hadi mwingine. Akanitazama na mimi. Alinifahamu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemfungia robine ya uani.

Na mimi nilinyamaza. Ninyi mnatarajia niseme kwamba nilipaza sauti mara moja. Sikupaza. Nilikuwa nawaza jina langu, na wateja wangu, na yule msichana mweupe wa chokaa, na jinsi ambavyo kama nikirudi nyumbani taratibu kwa baiskeli yangu hakuna atakayejua kamwe. Walimvuta kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, chache. Niliposikia watu wanacheka zile nywele ndipo miguu yangu ikasogea. Ilinibidi kungoja hadi kitambaa.

"Mumuache!" nikasema. "Ni minye."

Hawakusikia. Nikapanda juu ya boila, nikainua bushoni.

"Ni minye nilifanya! Hii kintu njo ilipasua nyumba. Niliifunga minye, na mikono yangu."

Shemasi akanitazama kwa huruma. "Papa, usimufiche huyu mama. Usiogope, tuko banguvu kuliko yeye."

Hebu fikirini. Nimekaa kiasi kile nikijikaza kukiri, na sasa hawanitaki. Walipenda mchawi kuliko fundi mjinga. Nikaanza kuwaeleza habari za maji na mvuke na supape, nikaona macho yao yanafifia, na yule kijana wa tofali hajaliweka chini. Ndipo nikauliza kwa sauti kubwa:

"Banamama! Nani alishaacha kopo ya maziwa ku moto, imefungwa, maji ya sufuria ikaisha?"

Sauti moja ikatoka nyuma, ya mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani.

"Minye," akasema. "Ilipasuka. Maziwa ilifika ku dari."

"Nani aliiloga ile kopo?"

Mtu akacheka, kisha mwingine. "Yangu ilivunja dirisha," akasema mwingine. Nikawaonyesha mdomo wa supape, nikauziba kwa bushoni, nikauzibua, nikauziba tena. Nikawaambia hii ni kopo, na aliyeifunga ni mimi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Kijana akatazama tofali mkononi mwake, kisha akanitazama mimi, anapima kama alitumie. Shemasi akakumbuka kwamba ibada haijaisha. Aliondoka bila kumwambia Mama Kapinga neno.

Mama Véronique aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alitembea hadi kwangu taratibu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Akanipiga kofi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi na alijua kupiga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikushukuru," akarudi kwa mtoto.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Séraphin. Alikuwa mzee sana, macho yamekwisha, amekaa juani na blanketi magotini. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza hadi nikamaliza.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua, Papa."

"Basi weye haiko mujinga. Mujinga haijue. Utafute jina ingine."

Sikulitafuta, mji ulinipa. Tangu wakati huo ninaitwa Papa Bushoni. Wageni wanadhani ni kwa sababu ya vizibo vya chupa za bia, nami siwasahihishi.

Sasa shikeni kalamu, kwa sababu hii ndiyo sehemu mtakayoulizwa. Supape inayodondosha wakati maji yanapata moto ni nzima, iacheni. Inayodondosha saa zote imechoka, au maji ya mtaani yana nguvu kupita kiasi. Ibadilisheni, au fungeni kifaa cha kupunguza nguvu. Kila mwezi zungusheni kishikio chake hadi maji yatoke kwa wingi, chokaa isijenge humo. Matone yapelekeni nje kwa bomba lenye mdomo wazi, mtu ayaone. Msiweke robine wala kitu chochote kati ya supape na boila. Mkikuta boila linanguruma, kateni umeme kwenye sanduku kuu, toeni watu wote nje, na msilitie maji baridi. Liacheni lipoe lenyewe. Na mwenye nyumba akikuambia "ziba tu kwa leo", kusanya vyombo vyako uende. Atakutukana. Vumilia, matusi hayatoboi paa.

Ukuta ule niliujenga kwa mikono yangu. Ilinichukua wiki mbili, kwa sababu mimi si mwashi. Mama Véronique alikuwa anapita bila kunisalimu. Gloire alikuwa anakuja kukaa karibu, ananigeuzia sikio lake la kulia, ananiuliza majina ya vifaa, na kila nilipojibu nilitamani awe amenichukia kama bibi yake.

Mama Kapinga hakuondoka pale, ingawa ndugu zake walimwita. Aliosha samaki aliookota, akawaanika upya, akafunga kitambaa kingine. Watu wa barabara ile walianza tena kununua kwake, wanasalimu kwa sauti ya juu mno, kama wanaoita mtu wa mbali. Yeye alijibu kila salamu.

Siku ya mwisho ya ujenzi nilikuwa nimepiga magoti upande wa jikoni kwake, nafunika mstari wa mwisho wa matofali. Alikuja na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akakiweka chini karibu yangu. Alisimama pale. Nilidhani anangoja kikombe.

"Papa," akasema, "kama ile mutoto alikufa, ungesema?"

"Ningesema, Mama." Nilijibu haraka, kwa sauti ile ile ninayowajibu wateja wakiniuliza kama kazi itadumu.

Alitazama ukuta wangu, tangu juu hadi sakafuni.

"Ongeza simiti pale chini," akasema. "Iko nafasi."

Akaingia ndani. Nikainama kutazama. Ilikuwepo.